Kutoka 'Hodi!' hadi 'Nani?': Maneno tuliyorithi kutokana na hofu

Msomaji mmoja wa Nakuru alinitumia picha ya kibao kilichotundikwa kwenye lango la jirani yake, akataka niamue ubishi. Kibao kimeandikwa 'MBWA KALI'. Yeye anashikilia kwamba ni 'mbwa mkali'. Mwenye lango naye anasema mbwa ni wake, ubao ni wake na rangi ni yake, kwa hivyo Kiswahili pia ni chake.

Jibu la kisarufi ni fupi. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, hivyo huingia katika ngeli ya A-WA, na kivumishi '-kali' lazima kichukue kiambishi: mbwa mkali, mbwa wakali. Ukisema 'kali' bila kiambishi umemweka mnyama huyo pamoja na pilipili kali, dawa kali na sumu kali, yaani umempeleka I-ZI. Naamini kosa hili ni masalio ya Kisetla, kile Kiswahili cha nyanda za juu ambacho hakikujisumbua na upatanisho wa kisarufi. Mnamo 1936, F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na kichwa chake kinawataja waliokusudiwa: mwanajeshi, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, pamoja na wake zao. Mtumishi na kibarua hawamo, maana wao walikuwa upande wa kuamrishwa.

Nilimjibu msomaji hivyo, nikadhani nimemalizana naye. Jioni ile nikirudi nyumbani nikaanza kuhesabu. Kutoka kituo cha matatu hadi mlangoni kwangu, mwendo wa dakika saba hivi, nilipita kuta zenye vigae vya chupa juu yake, seng'enge, nyaya za umeme, vibao vitatu vya mbwa kali (mbwa mwenyewe nimewahi kumwona mmoja tu, na kazi yake ni kulala) na askari wanne wazee waliojifunika makoti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshahamisha simu kutoka mfuko wa nyuma hadi wa mbele, nimetoa saa mkononi, na nimeuvuka upande wa pili wa barabara kwa sababu vijana wawili walikuwa wamesimama chini ya mti. Hakuna aliyeniambia nifanye hayo. Mwili wenyewe unajua. Vijana wetu husema 'kaa rada', na hakika sisi wa mijini tumekuwa mitambo ya rada inayotembea kwa miguu miwili.

Basi leo niwaombe wapenzi wa lugha radhi, nitaacha ngeli kidogo. Nataka tuangalie maneno ambayo hofu imetuachia.

Tuanze na kitenzi 'linda'. Leo ukisikia 'mlinzi' unamwona mtu wa sare akipekua mkoba wako kwenye mlango wa benki. Lakini kamusi zina neno la zamani, 'dungu', ambalo ni jukwaa la miti lililojengwa shambani, mlinzi akaketi juu yake kuwafukuza ndege na nguruwe wasile mpunga au mahindi. Kwenda kulinda ilikuwa ni kwenda shambani. Adui alikuwa na mabawa au pua ndefu. 'Askari' nalo lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya jeshi, likavaliwa na wapiganaji wa King's African Rifles tangu 1902, na sasa limeshuka hadi kwa yule mzee wa langoni mwenye rungu na tochi. Sijui neno jingine la kijeshi lililostaafu kwa namna hiyo, likapewa kiti cha plastiki na redio ndogo.

Kwenye mlango wenyewe maneno ni mengi zaidi. Kuna komeo, kuna pingo, kuna kiwi, ambacho ni kipande cha mti kinachopitishwa kwa ndani kuuzuia mlango, na kuna tumbuu, ile pete ya chuma inayopokea mnyororo. Kisha kuna kitasa, na kufuli ambalo tulilitoa kwa Waarabu. Vijana wa Nairobi huliita solex, jina la watengenezaji wake, kana kwamba hakuna mwingine duniani awezaye kufunga mlango. Tazama pia tofauti hii. Kiwi na pingo humsaidia aliye ndani tu. Ukitoka, mlango unabaki bila ulinzi. Kufuli linamsaidia anayeondoka. Nyumba inayohitaji kiwi ni nyumba yenye mtu ndani wakati wote, nyanya au shangazi au mtoto wa jirani. Nyumba inayohitaji kufuli ni ya watu waliokwenda kazini wote. Orodha ya vifaa vya mlango, ukiitazama vizuri, ni historia ya familia zetu.

Nililelewa Kisauni, Mombasa, katika nyumba ya nyanya yangu, ambayo ilikuwa na komeo na haikuwa na kufuli. Hilo halimaanishi kwamba nyanya hakuwa na hofu. Alikuwa nazo nyingi na zote zilikuwa na kanuni. Usiku nyoka hatajwi, anaitwa kamba. Usipige mluzi gizani. Na ukisikia unaitwa jina lako usiku, usiitike mara ya kwanza wala ya pili. "Jini huita mara moja, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Binadamu mwenye shida hurudia." Ukiitwa mara ya tatu, basi ni mtu, fungua.

Lakini hofu iliyomkaa zaidi nyanya ilikuwa ya gari jekundu. Gari la zimamoto likipita barabara ya Malindi sisi watoto tulitaka kulikimbilia kama watoto wote, naye alitoka mbio na kanga moja kutuvuta ndani. Mwanamke huyu ambaye hakuogopa bahari wala kuzaa akiogopa watu wa kuzima moto! Tulicheka sana, lakini kwa siri.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo, nilifungua kamusi ile kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1939, iliyotolewa na Kamati ya Lugha chini ya uhariri wa Frederick Johnson, nikatafuta neno jingine kabisa. Jicho likaangukia 'mumiani'. Kamusi inaeleza kwamba ni kitu cheusi kama gundi kinachotumiwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu mengine, na kwamba husemekana huletwa kutoka Uajemi. Kisha, kwa namna isiyo ya kawaida kwa kamusi, inaongeza kwamba watu wengi wanaamini ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba uvumi ukizuka kuwa mumiani inatafutwa, mji mzima hujaa hofu na watu hawatoki nje baada ya jua kutua. Nilikaa na kitabu kile mapajani muda mrefu. Nyanya yangu alikuwa ndani ya kamusi.

Neno lenyewe limesafiri kuliko sisi sote. Kwa Kiajemi 'mum' ni nta, na 'mumiya' ilikuwa lami ya asili iliyotoka kwenye miamba, dawa yenye thamani kubwa. Waarabu wakalichukua. Wazungu wa zama za kati walipolipokea wakachanganya mambo: waliona maiti za kale za Misri zimepakwa kitu cheusi kinachofanana na lami, wakaamua dawa ndiyo hiyo, na kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hizo. Watu waliunywa. Kwa hivyo, pale wazee wetu wa pwani waliposema kwamba kuna watu wanaotengeneza dawa kutokana na miili ya binadamu na dawa hiyo inaitwa mumiani, walikuwa wanasema jambo ambalo mahali fulani duniani, wakati fulani, lilikuwa kweli kabisa. Sidai kwamba walijua habari za maduka ya Ulaya. Nasema tu kwamba neno lilikuwa na kumbukumbu ambayo wasemaji wake hawakuwa nayo.

Na gari jekundu? Jibu nililipata katika kitabu cha mwanahistoria Luise White kilichotoka mwaka 2000, Speaking with Vampires. Alikuwa amekusanya masimulizi ya wazee wa Nairobi, Siaya, Uganda na kwingineko juu ya watu waliodaiwa kukamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu. Kenya waliitwa wazimamoto, Uganda bazimamoto, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, banyama. Hoja yake haikuwa kwamba wazimamoto walinyonya damu. Alichouliza ni kwa nini watu waliishi mbali hivyo, chini ya serikali mbalimbali, wakasimulia kisa kimoja, na kwa nini ndani ya kisa hicho kuna sare, magari, mipira ya maji, ndoo, na kazi ya siri inayofanywa usiku na watu wa mshahara. Kwake, uvumi ni ushahidi. Hauthibitishi kilichotokea, lakini unaonyesha jinsi watu walivyoiona serikali iliyowachukua kazini, ikawapima, ikawadunga sindano, ikawaandika majina kwenye vitabu na isiwaeleze sababu.

Hapo ndipo nilipomwelewa nyanya, na marehemu babangu pia. Babangu hakuwahi kutoka nyumbani bila kujipapasa kifuani mara tatu, upande wa kushoto, juu ya mfuko wa shati. Tulipokuwa wadogo tulidhani ana ugonjwa wa moyo. Kumbe alikuwa anahakikisha kitambulisho kipo. Alikiita 'kipande' hadi siku aliyofariki. Tabia hiyo aliipata kwa babake, kuli wa bandarini, ambaye alikivaa kipande chenyewe shingoni ndani ya kibati cha chuma. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake. Kukosa kuionyesha ilikuwa kosa la jinai. 'Kipande', wasomaji mnajua, ni udogo wa 'pande'. Sijapata kuona jina lililochaguliwa vizuri zaidi: mtu mzima anaitwa asimamishwe barabarani aonyeshe kipande chake. Kibati kilikufa katika miaka ya 1940. Mkono wa babangu haukuarifiwa. Nami nikisimamishwa na polisi usiku, mkono huenda kifuani kabla sijaamkua.

Hapa kuna tofauti ambayo nimeifikiria sana tangu picha ya Nakuru iingie kwenye simu yangu. Hofu ya mumiani iliangalia juu. Ilimshuku mwenye gari, mwenye sare, mwenye sindano, mwenye uwezo wa kukuchukua asiulizwe. Hofu ya 'mbwa kali' inaangalia chini. Inamshuku anayetembea kwa miguu. Setla alikiandika kibao hicho kwa ajili ya babu zetu, na tulipopata uhuru tukakirithi pamoja na lango, wala hatukubadili hata sarufi. Nilipovuka barabara jioni ile kuwakwepa vijana wawili chini ya mti, nilikuwa nimewasomea kibao bila kufungua mdomo.

Nisije nikaonekana nawasifu wazee kupita kiasi. Hofu inayoangalia juu haiwafikii walio juu. Mikono yake ni mifupi, nayo hupiga aliye karibu. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulizuka kusini mwa Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake huko kwa muda. Makundi ya raia yaliwaua watu kadhaa. Hapa kwetu si lazima useme mumiani. Sema 'mwizi!' kwa sauti kubwa kwenye soko lolote kisha uone. Zamani mtu alipopiga ukunga au kamsa majirani walikuja kumsaidia. Siku hizi kelele hiyo ndiyo hatari yenyewe, na anayeikimbia anaweza kuwa hana hatia.

Nirudi mlangoni, maana jambo lililonifanya niandike haya lilitokea hapo, na nimekuwa nikilizunguka.

Waswahili hawakubisha mlango kimyakimya. Walipiga hodi. Neno hili lina nguvu kiasi kwamba majirani zetu wa Malawi nao husema 'odi' wakifika nyumbani kwa mtu. Hodi ni sauti, na sauti ina mwenyewe. Kabla hujaonekana, aliye ndani ameshajua kama wewe ni mwanamke au mwanamume, mtoto au mzee, mwenyeji au mgeni, na pengine jina lako. Ukipiga hodi mara tatu bila jibu, unaondoka bila kinyongo. Anayejibu husema 'karibu' kabla ya kuona uso. Mpangilio huo ulikuwa wa usalama pia, si adabu tu: mwovu hatangazi sauti yake.

Lango la chuma limeua hodi. Huwezi kupiga hodi ikapita ukuta wa futi nane. Unagonga kwa sarafu au jiwe, ngo ngo ngo, na mlio wa sarafu hauna mwenyewe. Ndiyo maana jibu la Nairobi si 'karibu' bali 'Nani?' Na anayeulizwa, kwa mazoea yasiyo na maana yoyote, hujibu, "Ni mimi." Kila binadamu ni mimi.

Machi 27, 2020 serikali ilianza kutekeleza kafyu ya kuzuia maambukizi ya korona, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. (Magazeti yetu, hili likiwemo, yaliandika 'marufuku ya kutotoka nje'. Tafakari hayo maneno. Marufuku ni katazo. Kinachokatazwa hapo ni kutotoka. Kwa sarufi hiyo tuliamrishwa sote tutoke!) Jioni ya kwanza tu, polisi waliwarushia mabomu ya machozi abiria waliokuwa wakisubiri feri kule Likoni. Nilimpigia dada yangu simu, akaniambia hawezi kuzungumza, anaosha macho. Baada ya hapo saa moja ilipofika, mtaa wetu ulinyamaza kama uliofiwa.

Usiku mmoja mwezi wa Mei, yapata saa tatu, lango langu liligongwa. Nilizima taa ya sebuleni, nikasimama nyuma ya pazia.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Jirani."

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyekimbia. Sikuitambua. Nilifikiria polisi, nikafikiria majambazi wanaojifanya polisi, nikafikiria corona pia, kwamba mtu atanikoholea usoni. Sikujibu tena. Akagonga mara ya pili. Mke wangu alinitazama gizani, hakusema kitu. Akagonga mara ya tatu. Kisha nikasikia viatu vikiondoka haraka, na sarafu ikianguka kwenye lami. Hakurudi kuitafuta.

Asubuhi nikapata habari dukani. Alikuwa mzee fundi viatu anayekaa nyuma ya kanisa, mtu aliyenishonea viatu vya kazini miaka mingi. Binti yake alishikwa na uchungu, na yeye alijua mimi nina gari. Aligonga malango manne kabla muuguzi mmoja mstaafu, mama anayeishi peke yake, hajafungua la tano. Msichana alijifungua sakafuni sebuleni kwa mama huyo, saa sita usiku. Mtoto wa kike, mzima.

Nilimwendea mzee kibandani kwake siku ya pili. Nilikuwa nimeandaa maneno, maana kuyapanga ndiyo kazi yangu. Akaniwahi. "Mwalimu, usijali," akasema. "Hata mimi nisingefungua." Akaendelea kushona.

Sijui kama alisema kweli au alinisitiri. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Mtoto yule sasa yuko PP2, na kila asubuhi hupita mbele ya lango langu akishikwa mkono na babu yake, mkoba wake mkubwa kumliko. Mzee hunisalimia vizuri, hunitania kuhusu viatu vyangu, na akiwa na neno nami husubiri nitoke.